Mguu Uliozoea Kuteguka

Kama mguu wako umeteguka mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara ya mwisho ulikuwa unatembea zako sebuleni, haya yanakuhusu. Yanakuhusu pia wewe ambaye hujateguka siku nyingi, lakini ukishuka daladala unaangalia kwanza pa kukanyaga. Unayekwepa ukingo wa lami. Unayecheza ndondo umefunga bandeji "kwa tahadhari tu". Ambaye kifundo chako huvimba jioni ya siku ya kusimama sana, asubuhi kikarudi kama kawaida. Wachezaji husema enka imelegea. Hospitali wataandika kwamba kifundo si imara. Nyumbani watasema mguu wako mbovu, nawe utazoea.

Usizoee. Watafiti wa Dublin, Ireland, waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu waliokuwa wameteguka kwa mara ya kwanza, na matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba wanne kati ya kumi walibaki na kifundo kisichoaminika. Hawa si watu waliozaliwa na miguu mibovu. Wengi maumivu yao yalipoisha walihesabu kuwa wamepona, wakarudi uwanjani, kazini au shambani, wakati kazi ya kuuponya mguu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo hiyo kazi tutakayokaa nayo zaidi hapa. Kabla ya kuifikia, ni vizuri ujue kilichoharibika, maana ukikijua hutapoteza pesa kwa dawa za kuchua.

Kinachoharibika

Mifupa miwili ya muundi hushuka na kuubana katikati yao mfupa wa tatu, ulio juu ya kisigino. Mfupa huo wa tatu ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Ukisimama unyayo wote ukiwa chini, sehemu pana ndiyo inayobanwa na kifundo kinatulia. Ukinyanyua kisigino, inaingia sehemu nyembamba, nafasi inabaki, na mguu unaweza kuyumba. Ndiyo maana watu huteguka wakitua kutoka kupiga kichwa, wakishuka ngazi, au wakiwa juu ya mchuchumio.

Upande wa nje kuna kano tatu zinazofunga mifupa hiyo. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na mguu ukipinda kwa ndani karibu kila mara hiyo ndiyo huanza kuchanika. Ikizidiwa, hufuata inayoshuka kwenda kisiginoni. Ya nyuma huchanika mara chache. Kano iliyochanika hupona kwa kovu, na wakati mwingine kovu hilo huwa refu kuliko kano ilivyokuwa, kama lastiki ya bukta iliyovutwa sana. Daktari akikishika kisigino na kukivuta mbele huku ameuzuia muundi, ataona kiungo kinateleza kupita kiasi.

Hilo ni tatizo moja. La pili halionekani kwa mkono. Mwaka 1965 daktari wa Uingereza, Michael Freeman, na wenzake walieleza kwamba wagonjwa wengi waliolalamika kuwa mguu unawaangusha hawakuwa na kiungo kilicholegea. Kano zao zilikuwa zimekaza. Kilichopotea ni hisia: ndani ya kano na mfuko wa kiungo kuna mishipa midogo ya fahamu inayoujulisha ubongo mguu umekaaje, na kano ikichanika mishipa hiyo nayo huumia. Freeman aliwasimamisha wagonjwa wake juu ya ubao unaoyumba, wajifunze upya kutulia. Maelezo yake kuhusu mishipa yamejadiliwa sana tangu hapo, na leo inaaminika kwamba hata namna ubongo unavyopanga mwendo hubadilika. Ubao wake lakini bado uko kwenye vyumba vya fiziotherapia.

Na kuna suala la muda. Mguu unapopinda, kila kitu huisha ndani ya sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya sekunde. Misuli ya ubavu wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuuvuta wayo urudi nje, haiwezi kushtuka ikawahi. Mguu mzima huokoka kwa sababu hutua ukiwa umeshajiandaa: misuli imeshakaza kidogo, wayo umeshanyooka, kabla haujagusa ardhi. Mguu uliozoea kuteguka umepoteza maandalizi hayo. Hakuna marashi yanayoyarudisha.

Kabla ya kusema "umeteguka tu"

Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni fupi ya kuamua nani apigwe eksirei baada ya kuumia kifundo, na imekubalika karibu kila mahali. Unaweza kuitumia ukiwa pembeni ya uwanja. Bonyeza kwa kidole, si juu ya uvimbe ulipo mkubwa, bali juu ya mfupa wenyewe: ncha ya kifundo cha nje na ukingo wake wa nyuma, ukipanda kama sentimita 6. Fanya vivyo hivyo kwa kifundo cha ndani. Kisha shuka kwenye nundu iliyo katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na umalizie kwenye mfupa ulio juu ya upinde wa mguu upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Mmojawapo ukiuma kwa kubonyezwa, nenda kapige picha. Nenda pia kama hukuweza kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, pale ulipoumia na tena ulipofika hospitali. Asiyeangukia popote hapo ni nadra sana kukutwa amevunjika, na eksirei yake itakuwa pesa za bure. Kanuni hii isitumike kwa mtoto mdogo, kwa aliyelewa, wala kwa mwenye ganzi miguuni.

Huyu mwenye ganzi nimwongezee neno. Kama una kisukari na mguu umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, halafu hauumi sana, usikubali mtu akuambie umeteguka. Mifupa inaweza kuwa inasagika ndani kimyakimya. Acha kuukanyaga na ufike hospitali siku hiyohiyo.

Kwa aliyeteguka mara nyingi, swali langu la kwanza huwa hili: kati ya mteguko mmoja na mwingine, mguu unauma? Mguu unaolegea bila kuuma huwa unahitaji mazoezi. Unaouma ndani kabisa, unaokwama ukiukunja, au unaotoa kitu kinachoruka nyuma ya kifundo cha nje, unaweza kuwa na jambo la ziada: kipande cha gegedu kilichobanduka juu ya mfupa, au kano ya msuli iliyopasuka au kutoka kwenye mfereji wake. Eksirei ya kawaida hukosa mengi ya haya, na hapo ndipo kipimo cha MRI kinapokuwa na maana. Maumivu yanayokaa juu ya kifundo, mbele, kati ya mifupa miwili ya muundi, ni mteguko wa aina nyingine. Huo huchelewa kupona kuliko wa kawaida, wala usiulazimishe kwa mazoezi ya hapa chini kabla hujaonwa.

Siku za mwanzo, na suala la mkandaji

Nyumba nyingi mguu ukiteguka maji huwekwa jikoni. Chumvi inatiwa, kitambaa kinachovywa, mguu unakandwa ukiwa bado unavimba. Baadaye anaitwa mtu wa kuchua, mwenye mikono ya chuma, anavuta mpaka kitu kiseme "ka!" na kila mtu anashukuru kwamba mfupa umerudi.

Sina ugomvi na mkono wa mkandaji, nina ugomvi na siku aliyoitiwa. Katika siku mbili tatu za kwanza mishipa ya damu iliyochanika inajaribu kuziba. Joto huifungua na kuchua kwa nguvu huchana upya. Baada ya hapo, uvimbe ukishatulia, kukandwa taratibu kwa ajili ya kulegeza ukakamavu si vibaya. Ama mfupa, kwenye mteguko wa kawaida haujatoka mahali pake, kwa hiyo hakuna wa kuurudisha. Na kama kweli umetoka, huo ni wa hospitali, si wa mkekani.

Barafu nayo imesifiwa kupita uwezo wake. Kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kunyanyua mguu ilienezwa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na yeye mwenyewe baadaye aliandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja huenda vinachelewesha kupona. Itumie kwa ajili ya maumivu: dakika 10 hadi 15, imefungwa kwenye kitambaa, mara chache kwa siku, siku mbili za mwanzo. Barafu ya kununua kwa jirani anayeuza maji ya baridi inatosha kabisa.

Bandeji ya kuvuta ianzie karibu na vidole ipande juu, na ukiona vidole vimekuwa vya baridi au vinafanya ganzi, ilegeze. Nyanyua mguu juu ya mto ukiwa umelala. Dawa ya kupaka ya diklofenaki inasaidia, tena haina shida ya vidonge vyake kwa mwenye vidonda vya tumbo. Anayetaka kidonge aanze na parasetamo. Kuanzia siku ya pili, ukiwa umelala, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kubwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Tembea mapema, kwa magongo au fimbo iliyoshikwa mkono wa upande wa pili, ukijitahidi kutua kisigino kwanza hata kama hatua ni fupi.

Mteguko mkali sana unaweza kufungwa hogo kwa siku zisizozidi 10 hivi ili maumivu yatulie. Hogo la mwezi mzima kwa mguu usiovunjika ni adhabu: shavu la mguu husinyaa, kiungo hukakamaa, na unaanza safari ukiwa nyuma zaidi.

Kuufundisha mguu

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu mazoezi yenyewe hayana fahari. Hakuna mashine wala jasho la kuonyesha. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 uliwachukua wanamichezo 522 waliotoka kuteguka, nusu yao wakapewa mazoezi ya msawazo ya kufanyia nyumbani bila msimamizi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Mwaka uliofuata walioteguka tena walikuwa asilimia 22, ilhali wenzao ambao hawakupewa mazoezi hayo walikuwa asilimia 33. Kwa kitu kisichogharimu hata senti, hayo si matokeo madogo.

Anza kwa kujipima ukutani. Vua viatu, simama ukitazama ukuta, kidole gumba kikiwa umbali wa ngumi moja kutoka ukutani. Kunja goti liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke. Ukiweza, sogeza mguu nyuma kidogo urudie, mpaka ufike mahali ambapo goti linagusa kwa shida. Weka alama ya chaki mbele ya kidole gumba. Fanya mguu wa pili. Mguu uliozoea kuteguka mara nyingi huachwa nyuma kwa upana wa kidole au zaidi, jambo linalowashangaza wengi: kifundo kilicholegea kwa pembeni kinaweza kabisa kuwa kimekakamaa kwa mbele. Kikikakamaa hivyo, kila ukitembea kisigino kinanyanyuka mapema, na tumeshaona kisigino kikinyanyuka kinatokea nini. Tiba yake ni kipimo chenyewe: rudia kugusa ukuta mara 15, upumzike, mizunguko mitatu, kila siku, mpaka alama mbili za chaki zilingane.

Kisha nguvu. Omba kwa fundi baiskeli kipande cha tyubu kuukuu. Kifunge kwenye mguu wa meza, kitanzi cha upande wa pili kipite juu ya wayo, karibu na vidole. Kaa chini, mguu umenyooka, goti lisizunguke. Vuta wayo kwa nje, kidole kidogo kikitangulia, halafu uuache urudi polepole ukihesabu hadi tatu. Usiuachie urudi wenyewe. Kule kurudi polepole ndiko kunakoifundisha misuli kuzuia mguu usipinde. Mara 15, mizunguko mitatu. Ukishamaliza, simama kwenye ngazi ya mlangoni kwa mguu mmoja, shika fremu ya mlango kwa vidole viwili tu, unyanyue kisigino na kukishusha. Lengo ni mara 25 bila kupumzika, na usiridhike mpaka mguu mbovu ulingane na mwenzake.

Usiishie kwenye kifundo. Mtu akisimama kwa mguu mmoja huku nyonga imelegea, kiuno kinadondokea upande, goti linaingia ndani, na wayo chini unalipia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mchezaji wa kikapu Stephen Curry wa Golden State Warriors. Alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mwaka 2011, akaumia tena, akafanyiwa mwingine 2012, na msimu ule alicheza michezo 26 tu. Wengi waliona ameshakwisha. Baadaye wataalamu wa timu yake waliyapeleka mazoezi yake kwenye nyonga na makalio, ili nguvu za kubadili mwelekeo zitoke juu na si kwenye kifundo, naye akaendelea kuvaa vifunga vya kifundo kila mchezo. Mwaka 2015 na 2016 alichaguliwa mchezaji bora wa NBA. Kwako wewe inatosha kulala kwa ubavu, mguu wa juu umenyooka na umerudi nyuma kidogo, uunyanyue mara 15 bila kuuzungusha, halafu ugeuke ufanye upande wa pili.

Sasa msawazo, ambao ndio moyo wa shughuli yote. Simama pekupeku karibu na ukuta, kwa mguu mbovu, goti limekunjwa kidogo. Uzito ugawanyike sehemu tatu: kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Tazama vidole vyako. Karibu kila anayeanza huvikunja na kuikwaruza sakafu kana kwamba anataka kuishika, vinyooshe vilale. Ukivinyoosha tu utaona juu ya kifundo kano zinaanza kuchezacheza, moja inatokeza na kuzama, nyingine inadaka. Usizizuie. Ndipo mguu unapojifunza. Sekunde 30, mara tatu au nne.

Sekunde 30 zikiwa rahisi, fumba macho. Wengi hapa huanguka kwenye pumzi ya tano, na ni jambo la kawaida, ndiyo sababu ukuta uko karibu. Baada ya macho, badilisha sakafu: simama juu ya mto uliokunjwa au kipande cha godoro. Halafu ipe akili kazi nyingine, kwa sababu uwanjani hakuna anayeteguka akiwa anaufikiria mguu wake: rusha mpira ukutani na kuudaka, au mwombe mtoto akurushie bila kukuambia upande. Anayetaka ubao wa Freeman amwambie seremala amkatie duara la mbao la kipenyo cha sentimita 40 hivi, chini yake agongelee nusu tufe ya mti. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mwisho kuruka. Anza na miguu miwili, uruke mbele hatua fupi na utue ukabaki umetulia, goti juu ya vidole. Sikiliza unavyotua. Kishindo maana yake mguu umefika chini kabla haujajiandaa. Ukitua kimya, ruka kwa pembeni, kisha kwa mguu mmoja, kisha uwanjani penyewe, maana ukumbini hakuna mashimo na mchanga wa uwanja wenu una tabia zake.

Utajuaje kama umezidisha? Usisikilize maumivu ya wakati wa zoezi peke yake. Angalia kifundo asubuhi inayofuata. Kikiwa kimevimba kuliko jana, punguza, usiache. Kikiwa vilevile, songa mbele. Wiki nane ni muda wa kawaida, na kwa mguu ulioteguka miaka mingi tegemea miezi mitatu.

Kurudi uwanjani

Usirudi kwa kuhesabu wiki. Rudi alama za chaki zikilingana, ukinyanyua kisigino sawa pande zote, ukisimama sekunde 30 umefumba macho bila kugusa ukuta, na ukiruka mbele mara tatu kwa mguu mmoja ukafika karibu kabisa na pale unapofika kwa mguu mzima. Kocha atakusukuma. Fainali ya ndondo huwa ni Jumapili hii kila mara.

Timu ikitaka kuwakinga wachezaji wote kwa pamoja, mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua kama dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na msawazo wa mguu mmoja umo ndani yake. Kocha wa mchangani anayeyafanya mara mbili kwa wiki amewasaidia vijana wake kuliko anayenunua dawa ya kupuliza.

Vifunga na viatu

Kifunga cha kifundo chenye kamba za kufunga kama kiatu kinasaidia kweli, hasa kwa aliyewahi kuteguka, na kukivaa michezoni kwa mwaka mzima baada ya mteguko ni ushauri mzuri. Hofu kwamba kinaidhoofisha misuli haina ushahidi wa maana. Plasta za kubandika nazo hufanya kazi, lakini hulegea mapema mchezo ukiendelea, na zinahitaji mtu anayejua kuzibandika kila mara. Bandeji ya kuvuta ndani ya soksi inakupa joto na kujiamini. Kuzuia, inazuia kidogo mno.

Viatu nitavipitia haraka. Kandambili iliyolika upande mmoja itupe. Mchuchumio uvae ukifika, si njiani. Ukiona soli ya kiatu chako inalika upande wa nje wa kisigino kuliko kwingine, lowanisha miguu utembee kwenye sakafu kavu ya saruji. Alama ikionyesha kisigino na sehemu ya mbele tu, katikati hakuna kitu, una upinde mkubwa, na pengine kisigino chako kimeinamia ndani. Mguu wa namna hiyo huteguka hata ukifanya mazoezi vizuri. Soli maalumu ya ndani inayonyanyua upande wa nje hubadilisha mambo, na karakana za vifaa saidizi kwenye hospitali kubwa, kama KCMC Moshi, ndizo za kuuliza. Kama upinde huo upo kwa wengi katika ukoo, au umeongezeka ukubwani, mwambie daktari, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Upasuaji

Umefanya mazoezi kweli, miezi mitatu hadi sita, tena chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na mguu bado unaangusha? Hapo zungumza na daktari bingwa wa mifupa, kwa Tanzania pale MOI Muhimbili au hospitali ya rufaa iliyo karibu. Daktari mzuri atakuuliza kwanza ulifanya mazoezi gani hasa, na ukijibu "nilikuwa naukanda" atakurudisha nyumbani, na atakuwa sahihi.

Upasuaji unaofanywa zaidi umetokana na kazi ya Lennart Broström wa Sweden, aliyeeleza mwaka 1966 namna ya kukaza na kushona kano zilezile zilizochanika badala ya kuchukua kano mahali pengine. Mwaka 1980 uliongezewa nguvu kwa kushonea juu yake utando mgumu ulio jirani. Huwapa watu wengi mguu imara. Kabla ya kushona, daktari mara nyingi huingiza kamera ndogo ndani ya kiungo aangalie gegedu, maana kifundo kilichoyumba miaka mingi kinaweza kuwa kimejikwaruza, na huo ndio mwanzo wa baridi yabisi ya kifundo. Mshambuliaji wa Uholanzi, Marco van Basten, alicheza mchezo wake wa mwisho mwaka 1993, akatangaza kustaafu 1995 akiwa na miaka 30, kwa sababu ya kifundo ambacho upasuaji kadhaa haukukiokoa.

Baada ya kushonwa hutakanyaga kwa muda, utavaa buti la kuzuia, kisha utarudi kwenye tyubu ya baiskeli na ukuta uleule, na michezo ya kukimbizana itasubiri miezi minne hadi sita. Mtu akikupa njia ya mkato ya sindano za steroidi za kurudiarudia karibu na kano, muulize zitaifanya kano iwe na nguvu au iwe laini.

Na kama umeanza mazoezi, umefika wiki ya tano, kisha ukateguka tena sokoni, usianze upya kama aliyeumia jana kwa mara ya kwanza. Bonyeza mifupa kama kanuni ya Ottawa inavyosema. Ikiwa salama, upe mguu siku mbili au tatu za kunyanyuliwa na kufungwa, pima tena ukutani, urudi hatua mbili nyuma ya ulipokuwa: kama ulikuwa unaruka, rudi kwenye mto na macho yaliyofumbwa. Wengi hukipata tena walichokipoteza ndani ya wiki mbili.